Barnabé Alisema "Niliuza"

"Kifo kwa kupigwa risasi!"

Kapteni aliyeendesha kesi alipotamka hivyo, mume wangu, aliyekaa kwenye benchi la mashahidi, akanikonyeza.

Jamani, alinikonyeza! Mtu kahukumiwa kufa mbele yetu, yeye anamkonyeza mkewe...

Naitwa Akwero. Sasa hivi mimi ni bibi wa wajukuu tisa, na hii simu nimejifunza mwenyewe, msinicheke. Mwaka 1975 nilikuwa karani wa kupiga chapa kwenye mahakama ya kijeshi, hapa hapa Kampala.

Aliyehukumiwa ni Barnabé, fundi viatu kutoka Kongo. Alikuwa na miezi mitatu tu mtaani kwetu Kabalagala. Walisema amemuua Erinayo, mchuuzi wa saa, aliyekutwa amekufa chini ya kilima cha Lubaga, sanduku lake tupu.

Saa za Erinayo zilionekana mbili tu. Moja mkononi mwa Barnabé. Nyingine mkononi mwa mume wangu, Koplo Olanya wa polisi.

Olanya aliapa kwamba yake aliinunua kwa Barnabé. Nami nilimwamini. Ni mume wangu, nisimwamini kwa nini?

Maelezo ya Barnabé niliyaandika mimi. Hakukuwa na wakili wala mkalimani. Mtu anaongea Kiswahili, mkalimani wa nini?

"Habari ya saa ni nini?" Kapteni alimuuliza.

"Niliuza kwa Koplo Olanya."

"Uliuza?"

"Ndiyo, mukubwa! Niliuza!"

"Kwa Koplo?"

"Kwa Koplo, haki ya Mungu!"

"Kwa hiyo moja umeuza, nyingine umevaa."

"Niliuza, nikavaa," Barnabé akajibu, na uso ukamchangamka kabisa.

Nikapiga chapa neno kwa neno. Nikamsomea, akaitikia, akaweka dole gumba. Nikajisemea, huyu mtu mjinga kweli, anajichimbia kaburi huku anatabasamu!

Mjinga nilikuwa mimi.

Siku tatu baada ya hukumu nilitumwa kupeleka karatasi gerezani, karibu na bandari ya Port Bell. Nje ya geti kulikuwa na mama anauza mikate. Mbele yake kasimama Bibiane, mke wa Barnabé, na kikapu.

"Mama, niko nataka kuuza mukate," Bibiane akasema.

"Uuzie hapa?" yule mama akawaka. "Hapa nauza mimi! Nenda kauzie kwenu!"

Bibiane akashangaa. Akaweka hela mezani, akachukua mkate, akautia kikapuni.

"Si nimeuza? Si nimelipa?"

Weee! Nikamvuta pembeni.

"Dada, kwenu kuuza ni nini?"

"Ni kutoa pesa, unapata kitu."

"Na kutoa kitu upate pesa?"

"Ile ni kuuzisha."

Nikaondoka bila kumuaga. Barnabé aliwaambia mara tatu nzima kwamba saa aliinunua kwa mume wangu! Mimi nikaandika kwamba alimuuzia!

Sasa fikiria, msomaji... mwanaume ninayempikia, ninayelala naye kitanda kimoja, ndiye aliyekuwa na saa zote mbili. Alizipata wapi?

Jioni nilimkuta Olanya anakula. Nikajifanya nauliza tu.

"Baba Apio, ile saa ulinunua lini vile?"

Akaacha kutafuna.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimeuliza tu."

Akainuka, akafunga mlango kwa komeo, akarudi akaketi.

"Akwero, kwenye hii kota tunaishi polisi watupu. Ukipiga kelele, nani atakuja?"

Apio wetu alikuwa na miaka miwili, amenishika gauni. Olanya akamnyanyua, akampakata, akaendelea kula. Sikuuliza tena. Usiku mzima nilijiambia, Kapteni ni msomi, Kapteni ni mtu wa sheria, Kapteni atanisikia.

Asubuhi nikaingia ofisini kwake.

"Afande, kuna kosa kwenye maelezo ya Barnabé. Kikwao kuuza ni kununua. Alisema alinunua!"

Kapteni akafunga dirisha, akanisogezea kiti.

"Mama, miye nilizaliwa Beni, kule Kongo," akasema taratibu, kwa Kiswahili kile kile cha Barnabé! "Nilimusikia tangu siku ya kwanza."

Alijua... Alijua tangu mwanzo!

"Ulijua?"

"Muuaji akiwa Mkongo, faili inafungwa. Akiwa polisi, watauliza ni nani alikuwa zamu naye, ni nani alimutuma. Unataka waulize?"

Kisha akanipa karatasi. Ilikuwa imeandikwa: *Mimi karani nathibitisha kwamba maelezo haya ni sahihi.*

"Weka sahihi. Ama nikuandikie maelezo yako wewe?"

Nyie mnaosoma mkiwa mmekaa kwenye makochi, najua mtasema mngekataa. Haya, kataeni. Mimi nilimfikiria Apio mikononi mwa baba yake... nikaweka sahihi.

Barnabé alipigwa risasi Jumanne.

Ijumaa yake Bibiane akanisubiri njiani. Nikajua amekuja kunitukana, nikasimama anitukane. Akanishika mikono miwili.

"Asanti, dada. Bote walimuhukumu bwana yangu. Ni wewe tu uliuliza kwetu tunasema aje."

Nilifungua mdomo nimwambie. Nyuma yangu kulikuwa na askari wawili wanavuta sigara.

"Pole, dada," nikasema. Nikaondoka.

Olanya alikimbia nchi serikali ilipoanguka, sijamwona tena na simtafuti. Bibiane ndiye niliyemtafuta, hadi Goma kule Kongo, miaka na miaka, sijampata.

Mwenzako akisema neno, usiliandike kabla hujamuuliza kwao lina maana gani. Na ukishaijua maana, sema siku ile ile, hata sauti ikitetemeka. Mimi niliitunza miaka karibu hamsini, na haijamfaa mtu.

Nitukaneni kwenye komenti, nimestahili. Lakini kama kuna mtu wa Goma anayemfahamu Bibiane, mjane wa fundi viatu, amwambie asinishukuru. Sahihi ile ilikuwa yangu.