Programu ya Tatu

Mwalimu Deodata alikutwa sebuleni kwake, Runazi, asubuhi ya Jumamosi, ameanguka kando ya kiti chake na kichwa kimepasuka kwa nyuma. Mchi wa kinu ulikuwa sakafuni karibu na mlango wa jikoni. Aliyemkuta ni Bukuru, kibarua wake wa shamba, naye akapiga yowe. Majirani walikuja mbio, na hata kabla hawajajua nani ameua, walikuwa wameshakubaliana nani akamatwe. Bukuru alikuwa na damu kwenye shati, alikuwa Mrundi, na simu ya marehemu haikuonekana. Kwao hayo yalitosha.

Sajenti Semeni wa upelelezi alipofika kutoka Biharamulo mjini alimkuta kijana amefungwa kamba kwenye mparachichi, na wanaume wawili wanabishana nani akalete petroli. Semeni hakuwa mwanamke wa kelele. Siku hiyo alipiga kelele hadi mishipa ya shingo ikamsimama, akaikata kamba mwenyewe, akampakia Bukuru kwenye gari la polisi na kumwekea askari mlangoni. Kisha akaingia ndani.

Ilikuwa sebule ya mwalimu mstaafu aliyependa usafi kupita kiasi. Kila kitu kilikuwa na kitambaa chake cha kufuma: viti, redio, meza, hata dumu la maji. Juu ya meza ilikuwapo kompyuta ya kukunja, imefunikwa kitambaa cheupe chenye ua jekundu kwenye pembe moja. Kiti cha marehemu kiliielekea meza hiyo. Damu ilikuwa imerukia ukutani na mezani pande zote mbili za kompyuta. Kitambaa kilikuwa cheupe pee.

Semeni alikiinua kwa ncha za glavu, akafunua kompyuta. Katikati ya vitufe kulikuwa na matone ya damu yaliyokauka.

Mwalimu alipigwa kompyuta ikiwa wazi mbele yake. Baadaye mtu aliifunga, akaifunika, akanyoosha pembe zote nne na kuligeuza ua liangalie mlango, kama ua la kitambaa cha redio na la kitambaa cha dumu. Mwizi angeibeba.

Alirudi kwenye gari.

"Bukuru, wewe ndiye uliyeifunika kompyuta ya mama?"

"Hapana, afande. Mimi siingii kure. Mama ananipa chakura jikoni, nakaa pare mrangoni." Macho yalikuwa yamemvimba kwa kipigo. "Reo niriita, niriita, kimya. Ndiyo nikaingia. Nirimwinua kichwa nikidhani bado yuko hai."

"Unajua kuitumia?"

"Hata kusoma sijui, afande. Mke wangu Jovitha ndiye anajua kusoma. Yuko peke yake na mtoto kure chini kwenye kibanda. Nani anawaangaria?"

Semeni akamwambia atalishughulikia.

Mtuhumiwa wa pili alijileta mwenyewe. Leonidas, jirani mwenye ng'ombe, alikuwa ametukanana na marehemu hadharani wiki iliyopita, ng'ombe wake walipokula mahindi ya mwalimu. Lakini Ijumaa alikuwa mnadani Nyakahura, akalala huko kwa shemeji yake, na watu wengi walimkumbuka kwa sababu aligombana na karibu wote. Semeni alithibitisha kwa simu mbili tu.

"Nilimchukia yule mama mpaka mwisho," Leonidas alisema bila kuona haya. "Mbishi! Ila mwaminifu. Tangu apate hiyo kompyuta, kila mnada alikuwa anakwenda Nyakahura kwa yule binti wa steshenari, Tecla, na flashi shingoni kama rozari. Muulizeni huyo. Na huyu Mrundi mwacheni. Mtu anayelima vile hana muda wa kuua."

Mkuu wa kituo, Mkaguzi Ansbert, hakuwa na muda wa vitambaa. "Jumatatu kijana anapelekwa mahakamani kwa mauaji," alimwambia Semeni kwa simu. "Damu ipo, na wananchi wamechachamaa. Una Jumapili yako, itumie."

Semeni alijua maana yake. Kesi ya mauaji haina dhamana. Bukuru angekaa mahabusu miaka akisubiri upelelezi ukamilike, na mkewe angezeeka kwenye foleni ya gereza. Taarifa kutoka kampuni ya simu zingeonyesha mwalimu alizungumza na nani Ijumaa, lakini zingechukua wiki nzima.

Mchana alifika Wiston kutoka Ngara mjini, mtoto wa kaka wa marehemu, muuzaji wa duka la dawa, shati lake limepigwa pasi. Alilia kwa uchungu hata wanawake wakalia upya. Semeni alimpa pole, akamwacha atulie, ndipo akamuuliza.

"Mara ya mwisho ulikuja lini hapa?"

"Pasaka, afande. Nina hatia hiyo. Shangazi alinilea tangu nina miaka minne, nami nikawa mtu wa kuja sikukuu tu."

"Kompyuta ulimnunulia wewe?"

"Nilimpa. Ilikuwa ya nyumbani, mimi na mke wangu. Scolastica alipoondoka sikuwa na hamu nayo tena. Nikaisafisha, nikamletea ikiwa tupu kabisa."

"Mke aliondoka kwenda wapi?"

"Machimboni Geita, na mwanamume. Kabla ya Krismasi ya mwaka juzi." Alijifuta macho. "Ngara nzima inajua aibu yangu."

Tecla alikuwa anafunga duka lake la kutoa kopi Nyakahura Semeni alipoingia na kompyuta ndani ya mfuko wa vielelezo. Habari zilikuwa zimeshafika, naye alikuwa amelia.

"Huyu mama alinitesa, dada afande," alisema, akicheka na kulia kwa pamoja. "Kompyuta ilikuja haina kitu. Nikamwambia, mama, ninayo programu ya kuandikia iliyovunjwa kufuli, hii hapa kwenye flashi, huku kote ndiyo wanayotumia. Akanijibu, 'Tecla, huku kote wana dhambi pia, nikuombe na hizo?' Alitaka za bure ambazo wenyewe wametoa ziwe bure. Si wizi. Alikuwa anafundisha mafundisho ya komunyo, anasema hawezi kuandika amri ya saba, usiibe, kwa programu ya wizi."

"Akachagua zipi?"

"Tulianza na ya kuandikia. Alijaribu mbili akazikataa, moja ilikuwa na matangazo ya wasichana. Ya tatu ndiyo akaipenda. Halafu ya kuzuia virusi. Nilimweleza, za bure ziko nyingi, nyingine zenyewe ndizo virusi, tukachukua moja inayoaminika. Halafu wiki iliyopita alikuja analia. Amefuta kwa bahati mbaya picha za mazishi ya mume wake. Nikamtafutia ya kurudisha vitu vilivyofutwa. Hiyo nayo ya bure."

Semeni aliiwasha kompyuta. Programu ya kuandikia ilikuwapo. Ya kuzuia virusi ilikuwapo. Ya tatu, ile ya kurudisha vilivyofutwa, haikuwapo.

"Haiwezekani," Tecla alisema. "Juzi Alhamisi alinipigia akasema inafanya kazi ajabu. Akasema imemrudishia mume wake, na mengine ambayo hakuyaomba."

"Mengine yapi?"

"Hakusema. Sauti ilibadilika, akakata."

Walitafuta kwenye kumbukumbu za mashine. Programu ya tatu iliondolewa Ijumaa jioni. Bukuru asiyejua kusoma hakuiondoa hiyo, Semeni akawaza, wala Leonidas aliyekuwa akigombana na wachuuzi mnadani. Aliyeifuta alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ile, mwalimu amelala miguuni pake.

"Unaweza kuifanya ile kazi upya?"

"Tunatoa nakala ya diski nzima kwanza, tusiguse yenyewe. Halafu tunairudisha ile programu na kusubiri."

Walisubiri. Mafaili yalirudi moja moja, mengine yamekatika nusu, mengine mazima. Mume wa Deodata ndani ya jeneza. Watoto wa komunyo. Kisha picha zilizopigwa kwa kamera ya kompyuta yenyewe, mwanamke kijana ameketi mbele ya pazia la kijani. Kwenye ya kwanza jicho lake lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Kwenye ya pili alikuwa ameinua kidevu kuonyesha alama za vidole shingoni. Hakuwa akilia. Alikuwa akiiangalia kamera kama shahidi anayemwangalia hakimu.

Tecla aliziba mdomo. Semeni aliitazama tarehe ya picha ya mwisho, akahisi hasira ikimpanda. Ilikuwa ya Februari mwaka jana, baada ya Krismasi aliyoitaja Wiston.

Mwalimu Deodata alizikwa Jumapili baada ya misa. Watu walipokuwa wanakula chakula cha msiba uani, Semeni aliwaita wachache sebuleni: Mkaguzi Ansbert, aliyekuja kwa shingo upande, Leonidas kama jirani, Wiston kama ndugu. Bukuru aliletwa akiwa na pingu, akasimama kwenye kizingiti bila viatu. Kompyuta ilikuwa mezani, wazi, na kitambaa kando yake.

"Wiston, tunahitaji mwenye mali aitambue," Semeni alisema. "Damu imeshachukuliwa kwa vipimo, unaweza kuishika. Ni hii uliyompa shangazi?"

Wiston aliiinua, akaangalia chini yake, akakichungulia kioo. "Ndiyo hii."

"Asante. Nimemaliza. Iweke vizuri."

Aliifunga. Akachukua kitambaa, akakitandaza, akanyoosha pembe zote nne, akaligeuza ua liangalie mlango. Yote hayo bila kuangalia mikono yake.

"Bukuru, njoo. Kitoe, halafu ukirudishe."

Askari alimfungua pingu. Bukuru alinyata juu ya mkeka kwa woga, akakivuta kitambaa, akakitupia tena juu ya kompyuta kimekaa upande, upande wa ndani juu, na ua limeishia nyuma.

"Huu ni mchezo gani, Sajenti?" Ansbert aliuliza.

"Mwalimu alipigwa kompyuta ikiwa wazi, afande. Vitufe vina damu, ukuta una damu, kitambaa hakina. Aliyeua ndiye aliyeifunika, na aliifunika jinsi Wiston alivyoifunika sasa hivi."

Wiston alicheka kidogo. "Kila aliyelelewa nyumba hii anafunika hivyo. Shangazi alikuwa anatuchapa tukiacha redio wazi."

"Alilea watoto wangapi?"

Wiston alianza tena kukinyoosha kitambaa.

"Wiston, alilea wangapi?"

"Mimi tu," alisema.

Semeni aliweka picha mezani, zile alizochapa dukani kwa Tecla, moja baada ya nyingine. "Ulisema mkeo aliondoka kabla ya Krismasi. Huyu hapa Februari iliyofuata, yuko nyumbani kwako. Askari wa Ngara wameliona pazia la kijani leo alfajiri, bado limening'inia dirishani kwako. Alijipiga picha ili siku moja mtu aone. Ulizifuta, ukaona yamekwisha, ukampa shangazi mashine. Naye akatafuta programu ya bure imrudishie mume wake, ikamrudishia na Scolastica."

Leonidas alinyanyuka nusu kwenye kiti, Ansbert akamzuia kwa mkono.

"Alinipigia," Wiston alisema hatimaye, akiangalia meza. "Ijumaa. Akasema, 'Njoo nyumbani, baba, usimwambie mtu.' Nilipofika alikuwa amepika. Akasema, kula kwanza. Halafu akafungua hiyo kitu. Akasema tutakwenda polisi pamoja, atanishika mkono mwenyewe, kwa sababu mimi ni mwanawe na haifai nikamatwe kama kibaka. Mambo ya ukoo, akasema, yanaanzia ndani. Aligeuka kunionyesha tena. Ule mchi ulikuwa hapo hapo. Simu yake niliondoka nayo."

Huyo mama angempigia Semeni badala yake, angekuwa hai. Lakini ndivyo walivyolelewa wote, kwamba la nyumbani humalizwa na shangazi, naye aliifanya kazi hiyo hadi mwisho.

"Scolastica yuko wapi?"

"Ngara. Nyuma ya nyumba, kwenye migomba."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akisikiliza dirishani alianza kupiga mayowe. Ansbert alimtia Wiston pingu kwa mkono wake, kisha akamgeukia Bukuru.

"Kijana, uko huru. Pole."

Bukuru alipangusa viganja vyake kwenye suruali. "Mke wangu yuko wapi?"

Semeni aliona macho ya watu dirishani yakihama, akakumbuka harufu ya moshi aliyoisikia wakati wa mazishi na kudhani ni ya jikoni. Alitoka nje akikimbia, Bukuru mbele yake. Chini ya shamba, mahali pa kibanda palikuwa na majivu, sufuria iliyopinda na vyuma vya kitanda. Bukuru alipiga magoti, akaanza kufukua kwa mikono.

"Acha, utaungua!" Leonidas alimfuata akihema. "Wako kwangu. Mke na mtoto. Sikutaka kusema mle ndani, hawa wote walikuwa dirishani. Walipokuja na moto jana jioni niliwatoa kwa nyuma nikawaficha kwenye zizi. Wamenivunja jino, washenzi hawa, lakini hawakuingia."

Jovitha alikuwa ameshasikia sauti. Alikuja katikati ya maharage na mtoto mgongoni, Bukuru akamkumbatia.

Waombolezaji walikuwa wamejipanga juu ya shamba. Mzee mmoja alisema pole. Mwingine akasema ni shetani alipita. Mwenyekiti wa kitongoji akasogea na tabasamu la kuomba yaishe, akasema Bukuru asiwe na shaka, watamchangia mabati, na kesho arudi tu kazini, maharage yameiva.

"Mwenye kuua mmemkamata," Bukuru alisema, akimwangalia Semeni, si wao. "Hawa wariochoma nyumba mtoto akiwa ndani, mnawakamata rini?"

Tabasamu la mwenyekiti likafifia. Gari lilikuwa limeshawashwa barabarani, Wiston ndani yake, na Ansbert alikuwa anapiga honi. Semeni alimwonyesha dereva kwa mkono azime injini, kisha akapanda taratibu kuelekea walikosimama watu.

"Mwenyekiti," alisema, "tuanze na wewe. Jana jioni ulikuwa wapi?"