Udongo Aliopima Badibanga

Phonie, redio ya mawasiliano ya Land Rover, ilikoroma.

"Mama Tatu, hapa Mukalay, gare ya Tenke. Mapipa mia nne iko mu wagon. Treni inatoka saa nane."

"Izuie," Ngalula alijibu.

"Na nini? Wageni beko na bulletin, karatasi ya vipimo. Imeandika udongo wa Kolwezi unakunywa sumu yote."

Ngalula alitazama Seiko yake. Saa saba kasorobo.

Akakanyaga mafuta.

Wageni wa Ulaya walitaka kumwaga uchafu wa mionzi uliokuwa kwenye mapipa hayo ndani ya shimo la zamani la mgodi, nyuma ya mtaa wa Kapata. Bondeni, chini ya shimo hilo, ndipo wamama huteka maji. Ruhusa yote ilisimama juu ya hesabu moja ya mkemia, citoyen Badibanga: kilo moja ya udongo wa shimo hunasa sumu ya lita elfu moja.

Kwenye laboratware, maabara ya Badibanga, alimkuta Hessel, mtu wa wageni, ameziba mlango. Mkono wa Hessel ukaingia ndani ya koti.

Bastola ya Ngalula, Browning, ilitangulia.

"Kaa chini, tata. Jua ni kali."

Ndani, Badibanga alikuwa anatoka jasho. "Citoyenne, nilipima mara tano."

"Ulipima udongo gani?"

Badibanga alimpa chupa ya udongo ambao haujatiwa sumu bado. Ngalula akachovya kidole, akaonja.

Moshi. Chumvi.

Mimba zake tatu alizibeba na ladha hiyo.

"Hii ni pemba ya soko. Ile tunakula tukiwa na mimba. Nani alikuletea?"

"Bibi yangu, mama ya batoto. Mvua ilikuwa mingi, njia ya shimo ilikuwa matope. Mi nilisema udongo ni udongo."

"Pemba inakaushwa na moto, inakunywa kila kitu. Ule wa shimo umeshiba maji. Niko nao mu gari. Enda kuleta, pima tena."

Alipima kijiko kimoja. Kwenye kiwango cha lita mia tu kwa kilo, kaunta ya Geiger ilianza kulia, haikunyamaza.

Badibanga aliandika masahihisho, akatia sahihi na muhuri. Ngalula akayasoma kwenye phonie ya laboratware, neno kwa neno.

Phonie ikakoroma tena.

"Chef de gare, mkubwa wa stesheni, amezuia treni," Mukalay alisema. "Mapipa inarudia nyuma."

Hessel akacheka kidogo. "Bulletin mia tatu zimeshasambaa, madame. Kuna mashimo mengine."

Ngalula alimgeukia Badibanga. Badibanga aliinamisha kichwa.

"Basi andika barua mia tatu za masahihisho, tata."

"Na zisipofika?" Badibanga aliuliza.

Ngalula alificha Browning chini ya kitenge, akamtanguliza Hessel mlangoni, akatembea taratibu kama mama anayetoka misa.

"Anza na barua ya kwenda mbali zaidi," alimwambia Badibanga.