Mbuzi Hakumlea Ineza

Koleta alirudi kutoka kwenye kibarua cha kupalilia, kiuno kikimuuma. Binti yake, Ineza, alikuwa amekaa jikoni. Alikuwa amechaguliwa kuanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni, lakini hakuwa na sare, godoro wala madaftari.

Baba wa mtoto, Frednand, alikuwa hai na mzima wa afya. Koleta alipopata mimba, Frednand alimpelekea mzee Nyandwi, baba wa Koleta, mbuzi na dumu la pombe ya ndizi kama fidia. Wazee wakanywa, wakasema maneno yamekwisha.

"Nitakwenda kumdai," Koleta alisema.

"Utaniaibisha," alijibu Nyandwi. "Mbuzi wake nilishamla."

"Ulimla wewe, baba. Ineza hakuonja hata supu."

Koleta alikwenda Rulenge kwa Esperansia, afisa ustawi wa jamii. Esperansia akaja mpaka nyumbani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kufukua mambo ya zamani?"

"Mnaweza kupatana kuhusu aibu yenu, mzee. Matunzo ni haki ya mtoto. Chakula, mavazi, shule, matibabu. Haki hiyo huwezi kuiuza kwa mbuzi."

Nyandwi aliondoka bila kuaga.

Frednand aliitwa ofisini, hakutokea. Shauri likafika mahakama ya watoto. Hakimu aliangalia mahitaji ya Ineza na kipato cha wazazi wote wawili. Frednand, bila haya, alisema anaishi kwa vibarua. Akapangiwa kiasi kidogo kila mwezi. Alilipa kwa muda mfupi, kisha akakata mawasiliano. Baadaye Koleta akasikia kumbe ameajiriwa Biharamulo, anaendesha lori.

"Basi nimeshindwa, amri imeshatoka," Koleta alisema.

"Bado," Esperansia akamjibu. "Kipato kikibadilika, unaomba amri ibadilishwe. Hata yeye akikwama, aende mahakamani akaombe kupunguziwa. Kunyamaza ni kuvunja amri."

Koleta alirudi mahakamani na shahidi aliyeijua kazi ya Frednand. Hakimu akaongeza kiasi, akaamuru mwajiri amkate Frednand mshahara moja kwa moja.

Vifaa vya shule vikanunuliwa. Nyandwi hakumsemesha tena Koleta. Asubuhi ya safari, Ineza aliuliza:

"Mama, kule mahakamani baba alisema nini juu yangu?"

Koleta alitafuta uongo mzuri, akaukosa.

"Alisema mshahara wake hautoshi."

Ineza akajitwika sanduku, akaenda shule.