Onyo Ambalo Munyiva Hakulisoma

Je, mtu akikupigia hodi usiku, wewe humjibu "karibu" kabla hujauliza ni nani? Najua utasema hapana. Basi sikiliza yaliyompata Munyiva wa Machakos, aliyesema "karibu" kila asubuhi bila kujua anamkaribisha nani.

Munyiva na mumewe Reuben, wazazi wa Kitheka, waliishi kwa amani. Walikodi chumba kirefu karibu na soko, wakakigawa kwa ukuta wa mbao. Upande wa mbele Reuben aliuza mbegu, mbolea na dawa za ng'ombe. Upande wa nyuma Munyiva alichapa kazi za watu kwa kompyuta: kadi za harusi, ratiba za mazishi, barua za kuomba kazi. Kompyuta aliifunika kitambaa alichofuma mwenyewe, cheupe chenye maua ya samawati, na aliipangusa vumbi kabla hata ya kunywa chai. Watu walimpenda kwa sababu alikuwa msiri. Neno ulilomletea lilibaki palepale.

Mwaka wa 2007 Reuben naye akanunua kompyuta ya duka, kuukuu lakini nzima. Fundi akapitisha waya ukutani ili watumie printa moja. Tangu siku hizo, Munyiva akiwasha mashine yake, kidirisha kilijitokeza katikati ya skrini, kimejaa maneno ya Kiingereza. Hakukisoma. Kompyuta kwake ilikuwa kitu cha kulalamika siku zote, leo virusi, kesho karatasi imekwama. Alibonyeza kukubali, kikaondoka, akaendelea na kazi. Na wangapi kati yetu hatufanyi hivyo?

Taabu ilianza na Nzisa, aliyeolewa Kathiani. Alikuja kuchapisha barua ya kuomba kazi ya kushona nguo katika viwanda vya EPZ, Athi River.

"Mama Kitheka," alinong'ona, "nyumbani sijasema bado. Nikipata ndio nitasema."

"Mimi sina mdomo, mama. Keti."

Kesho yake Nzisa alirudi macho yamevimba. "Nimefika nyumbani jana nikakuta mama mkwe amekaa mlangoni. Ati nani atamlelea mtoto nikienda Athi River! Ulimwambia nani?"

"Haki ya Mungu, Nzisa, sijamwambia mtu."

"Basi nani alisema? Hii kompyuta?"

Baada ya Nzisa, wakaja wengine kulalamika, kisha wakaacha kuja kabisa. Kanisani, katika kikundi cha akina mama, mmoja alimsalimia kwa sauti, "Habari yako, redio!" Wenzake wakaziba midomo kwa leso wakicheka. Munyiva alilia njia nzima. Jina lake zuri, alilolijenga polepole kama mtu anayechota maji kwa kikombe, lilikuwa linamwagika, na hakuona tundu lilipo. Nyumbani Reuben alimwambia tu, "Watu watasahau," macho yakiwa kwenye sahani.

Munyiva akaamua kuiuza mashine. Siku hiyohiyo akaingia Faiza, mwalimu wa kompyuta pale mjini, kuchapisha kadi za harusi ya kaka yake, Jamal. Munyiva akawasha mashine, kidirisha kikatokea, kidole kikaenda mbio.

"Ngoja!" Faiza alimshika mkono. "Hicho kinasema nini?"

"Ni usumbufu tu. Nakikubali kiniondokee."

"Umewahi kukisoma?"

"Nisome nini, Faiza? Si ni kompyuta inajisemea?"

"Leo tukisome. Polepole."

Wakasoma neno kwa neno, Faiza akitafsiri. Kompyuta iitwayo DUKA inaomba kuiona skrini hii. Unakubali, au unakataa?

Munyiva akaugeukia ukuta wa mbao. "Duka si letu?"

"Kubali mara hii ya mwisho," Faiza akasema, "tuchape majina ya maharusi, halafu twende tukaone."

Wakazunguka hadi mbele. Reuben alikuwa ametoka kushusha mbolea, na skrini yake ilielekea benchi wanapongojea wakulima. Wazee watatu walikuwa wameinama mbele, na mmoja, mzee Muindi, akisoma kwa sauti: "Aiya! Jamal anaoa Safiya!" Alipomwona Munyiva akatabasamu. "Mama Kitheka, sinema yenu leo iko na harusi."

Reuben akaingia na gunia begani. Akalitua taratibu.

"Baba Kitheka, kumbe ulikuwa unanichungulia?"

"Sikujua kama wanasoma."

"Sijakuuliza juu yao."

Reuben akavua kofia.

Faiza akamwonyesha Munyiva la kufanya. Kwanza kukataa ombi. Kisha kuifungua programu yenyewe, ile alama ndogo karibu na saa pembeni mwa skrini, na kuizima. Halafu kubadilisha neno la siri, na kuwasha mashine upya kuona kama onyo litarudi. Halikurudi, na printa iliendelea kufanya kazi.

Reuben hakutumwa na mtu. Alikwenda na mkewe hadi Kathiani, akamwambia mama mkwe wa Nzisa, "Mwaitu, mama yetu, maneno yalitoka kwangu, si kwa huyu." Mama yule akaona haya kwa ukali wake, na Nzisa alipoitwa kazini, mama mkwe huyo ndiye aliyebaki na mtoto. Wateja wakarudi, mmoja mmoja.

FUNZO

Ndugu zangu, onyo la kompyuta si nzi wa kufukuzwa. Lisome. Usipolielewa, kataa kwanza, kisha uliza anayejua. Ujue ni nani anayekutazama, na umzuie kama hana haki. Na wewe unayetazama, hata kama huna nia mbaya, ukifungua mlango wa siri za watu hujui nani anaingia nyuma yako. Unalolitaka, liombe.

Reuben ndiye aliyechelewa kulielewa hilo la mwisho. Jioni moja, wakifunga, alisimama karibu na ukuta wa mbao akigeuza kofia mikononi.

"Mama Kitheka, ile kompyuta nilinunua na siijui. Hata jina langu sikuweza kuandika. Nikamwomba fundi aniwekee njia ya kuangalia vile wewe unafanya, nijifunze. Kukuuliza niliona aibu, mwanamume mzima."

Munyiva akavuta kiti cha pili. "Sasa unataka nini?"

"Nataka unifundishe."