Kapsuli za Mzee Polikarp

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Notburga alikoroga uji, akamnywesha mdogo wake Otto, kisha akamfunga mgongoni na kufagia uwanja. Otto alikuwa na miaka mitatu. Baba yao alikuwa Tunduru akichimba vito, basi Otto akiona gari lolote likipita pale mtaani kwao Lizaboni alipiga kelele kama mpiga debe: "Tunduru! Tunduru!"

Miaka hiyo watu binafsi walikuwa wakifungua maduka kila kona ya Songea. Jirani yao, Mzee Polikarp, naye alifungua duka la dawa. Hakusomea udaktari, ila alivaa koti jeupe, na koti hilo lilitosha watu kumwamini.

Homa ya uti wa mgongo ilipoingia mkoani, gari la matangazo lilipita mitaani likiwataka wazazi wawapeleke watoto zahanati wakachanjwe. Notburga na wenzake walichanjwa shuleni. Jioni mkono wake ulivimba kidogo. Mama yake akaingiwa na hofu, akamkokota hadi dukani.

"Umeona, Mama Notburga?" Mzee Polikarp alisema, akiubonyeza mkono. "Chanjo za bure hizo! Zimeunguzwa na jua njiani. Otto usimpeleke. Mpe kapsuli zangu, ndizo kinga."

"Lakini nesi alisema uvimbe huu ni wa kawaida," Notburga alisema.

"Wakubwa wakizungumza, mtoto hunyamaza!" mama akamkemea.

Mama akanunua pakiti ya kapsuli, wakarudi nyumbani, Notburga akiwa amenuna njia nzima.

Wiki iliyofuata Otto aliamka mwili ukiwaka moto. Alitapika, akafumba macho dirisha lilipofunguliwa. Notburga alipojaribu kumwinua kichwa anywe maji, shingo ilikuwa imekakamaa kama mpini wa jembe, na mtoto akapiga yowe. Mama alimbeba mbio hadi hospitali.

"Amechanjwa?" aliuliza Sista Skolastika, nesi wa wadi ya watoto.

Mama alitikisa kichwa. Akatoa pakiti ya kapsuli kwenye pindo la kitenge.

Nesi alizigeuzageuza mkononi. "Hizi hazizuii ugonjwa huu hata kidogo," alisema, akaenda haraka kuandaa sindano.

Mchana ule Chiku, binti wa Mzee Polikarp aliyesoma darasa moja na Notburga, alikuja kumwona mgonjwa, amebeba machungwa. Alimtazama Otto, machozi yakamlengalenga.

"Kwani hamkumpeleka?" aliuliza. "Sisi baba alitupeleka zahanati siku ya kwanza kabisa. Hata mdogo wangu."

Notburga hakuamini masikio yake. "Baba yako? Mzee Polikarp?"

"Ndiyo. Alitushika mkono mwenyewe."

Notburga alitoka wadini bila kuaga. Alitembea, akakimbia, akatembea tena, meno ameyauma. Karibu na duka aliokota jiwe. Kioo cha kabati la dawa kiling'aa mbele yake. Alishainua mkono alipomwona mwanamke mmoja kauntani, mtoto yuko mgongoni, anapokea kapsuli zilezile.

Jiwe likamdondoka. Akaingia.

"Shikamoo, Mzee Polikarp," alisema. "Chiku umemchanjisha?"

"Marahaba. Ni mambo gani haya?"

"Chiku na mdogo wake umewapeleka zahanati. Otto ukamwuzia kapsuli. Sasa hivi amelazwa, shingo haigeuki!"

"Mtoto huna adabu! Toka dukani kwangu!"

Chiku, aliyemfuata Notburga kutoka hospitali, alikuwa amefika mlangoni, akihema. "Baba," alisema polepole, "ni kweli. Ulitupeleka."

Mzee Polikarp akageuka, akaanza kupanga chupa kabatini. Yule mwanamke alirudisha kapsuli kauntani, akakaza mbeleko, akashika njia ya zahanati. Habari zikaenea nyumba hadi nyumba. Kabla ya jua kuzama, foleni ya akina mama pale zahanati ilifika barabarani. Baada ya siku chache afisa wa afya alikuja akalifunga duka.

Otto alipona kwa kuwa alifikishwa hospitali mapema, lakini sikio la kushoto halikusikia tena. Siku ya kuruhusiwa, mama alilia mbele ya nesi.

"Mwanangu alisema, nikamnyamazisha."

Sista Skolastika alimgeukia Notburga. "Na wewe mbona umenuna? Mdogo wako anarudi nyumbani."

"Bado nina hasira, Sista. Nilitaka kuvunja kile kioo."

"Kuwa nayo, una haki," nesi alisema. "Lakini ungekivunja, leo Lizaboni nzima ingekuwa inazungumzia kioo, na Mzee Polikarp angeonewa huruma. Ulisema ukweli, na watoto wamechanjwa. Wakubwa nao hukosea, mwanangu, na wengine hudanganya. Uhai wa mtu ukiwa hatarini, wasalimie kwa heshima, kisha sema."