Simu Kutoka Anzuani

Soko la Majengo lilikuwa limefurika Jumamosi ile, watu wakipishana kwa mabega, na Sila alikuwa anashusha kasha la perege waliotoka Mtera alfajiri. Kasha likamponyoka. Maji ya barafu yenye magamba yakamwagikia viatu vya msichana aliyekuwa anapita, raba nyeupe zilizofuliwa zikatakata.

Msichana hakupiga kelele. Alitazama viatu vyake, akamtazama Sila, kijana mrefu aliyevaa shati la kupigwa pasi na mabuti ya mpira, kisha akauliza taratibu, "Hawa samaki ni wa kuuza au wa kuogeshea wateja?"

Sila aliomba radhi mpaka maneno yakamwishia. Akamkalisha kwenye ndoo aliyoipindua, akazichukua zile raba na kuzisugua mwenyewe kwa sabuni ya unga, huku Mama Priska, jirani yake wa meza ya nyanya, akicheka waziwazi. Msichana alisema anaitwa Zipora, mzaliwa wa Chamwino, nesi wa usingizi katika hospitali moja ya mjini. Gauni lake lilikuwa la kitenge cha manjano, na nywele alikuwa amesuka mistari midogo iliyokutana kisogoni. Sila akataka kujua nesi wa usingizi anafanya nini, analala? Zipora akamweleza kwamba anamlaza mgonjwa kabla ya kupasuliwa, anakaa kichwani pake muda wote, halafu anamwamsha.

"Kuamsha ndiyo kazi," alisema. "Kulaza, hata mahubiri marefu yanalaza."

Kesho yake Sila alimpigia kuuliza kama viatu vimekauka. Keshokutwa akapiga kuuliza kama bado vinanuka. Baada ya hapo hakuhitaji tena kisingizio cha viatu. Jioni walikutana Chang'ombe kwenye kibanda cha chipsi, wakagombania kachumbari. Siku za mapumziko alimpakia kwenye pikapu yake wakashuka mpaka Mtera kutazama bwawa, upepo ukimvuruga Zipora kilemba naye akikataa kufunga kioo. Sila alimwita Nesi Wangu. Zipora alimwita Baba Perege, hata mbele za watu.

Mwaka wa pili wa mapenzi yao, kikundi cha madaktari wa Kitanzania waliokuwa wakijitolea kwenda kupasua wagonjwa nchi za jirani kilimwomba Zipora aende nao Komoro, kisiwa cha Anzuani. Kule kulikuwa na watoto walioungua moto, ngozi zao zikajikunja wakashindwa kuinua shingo wala kunyoosha mikono, na mtu wa kuwalaza hakuwapo. Sila alijivuna. Kila mteja aliyenunua samaki alisimuliwa habari ya safari hiyo. Wakakubaliana kwamba Jumamosi baada ya Zipora kurudi, wajomba wa Sila wapeleke posa Chamwino. Lazima naye awepo, kwa kuwa kwao binti huitwa mbele ya wageni, akaulizwa kama anawajua. Asipojibu yeye mwenyewe, posa haipokelewi.

Siku za kwanza simu zilikuwa za kicheko.

"Jana nimekula jodari," Zipora alimwambia.

"Unanisaliti na samaki wa chumvi?"

"Ni mtamu, Baba Perege. Nisamehe."

Kikundi kilipokaribia kurudi, alipiga kwa sauti nyingine. Mtoto mmoja, Faiza, alikuwa amepasuliwa shingo, na sasa kupumua kunamshinda. Wenzake wanaondoka, lakini yeye na Daktari Castory wamebaki kumwangalia. Akaomba posa isogezwe kwa wiki moja. Sila alijibu "sawa," lakini haikuwa sawa. Wajomba walishafika kutoka Mtera, na nguo zao zilishapigwa pasi.

Jioni yake nesi mmoja aliyerudi akaweka picha mtandaoni, watu wote waione. Zipora amesinzia kwenye benchi nje ya wodi, kichwa kimelala begani kwa mwanamume mwenye kofia na barakoa ya chumba cha upasuaji. Sila aliivuta picha ile ikue, akaivuta tena, mpaka sura zikapotea. Angeweza kumuuliza Zipora. Hakumuuliza. Posa nayo hakuiahirisha. Aliwaacha wajomba waende, akijiambia kwamba mwanamke anayempenda atatafuta njia ya kufika.

Jumamosi mchana wajomba walirudi. Obedi, mkubwa wao, alisema wamepokelewa kwa heshima na kulishwa vizuri, lakini baba wa binti amekataa kupokea lolote mpaka binti mwenyewe aonekane. "Tukaulizwa yuko wapi," alisema, "tukabaki kutazamana." Akavua koti la suti.

Hapo ndipo simu ilipoita.

"Sila," Zipora alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyetoka kuugua. "Mpenzi wangu, una nafasi unisikilize?"

"Nimekusikiliza vya kutosha. Wajomba zangu wamerudi na aibu."

"Najua, baba amenitumia ujumbe. Nitawaomba radhi mimi mwenyewe. Lakini leo Faiza..."

"Kila siku Faiza. Na huyo unayelala begani kwake, naye ni Faiza?"

"Bega gani?" akauliza.

"Kama watu wa huko wanakutosha, baki nao."

Akakata. Simu ikaita tena, akaitazama mpaka ikanyamaza. Kisha akaifungia ile namba isimfikie tena.

Wiki iliyofuata Zipora alikuja sokoni. Sila alimwona kwa mbali, amekonda, hana hata hereni, akajificha kwenye chumba cha barafu baada ya kumwomba Mama Priska aseme yuko Mtera. Zipora alishukuru. Akanunua nyanya chache bila kuchagua, akaondoka, wala hakurudi tena.

"Umefanya vibaya," Mama Priska alimwambia. Sila akaendelea kuparua samaki.

Mvua zikaja, zikaisha. Zabibu zikajaa mjini. Ndipo asubuhi moja mzee mwenye mvi na mkewe walisimama mezani kwa Sila wakichagua perege. Mke, aliyeitwa Angelina, alikuwa anamtania mumewe kwamba tangu arudi kutoka Anzuani hali samaki wa maji baridi bila kulalamika. Kisu kikatulia mkononi mwa Sila. Akalitambua lile paji la uso la kwenye picha, kati ya kofia na barakoa.

Mzee naye akamtazama, akayatazama na mabuti yake. "Basi wewe ndiye Baba Perege," alisema.

Daktari Castory hakumgombeza. Alimweleza tu mambo yalivyokuwa. Mashine ya kupumulia ilikuwa imeharibika, kwa hiyo yeye na Zipora walimpulizia mtoto hewa kwa mfuko wa mkono, wakipokezana, usiku na mchana. Walipokosa nguvu walisinzia popote. Zipora alikuwa rika la binti yake mdogo, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Zipora kazi. Faiza alifariki Jumamosi ile, adhuhuri.

"Zipora alikaa na mama wa mtoto mpaka ndugu zake walipofika," Castory alisema. "Halafu akaomba ruhusa atoke nje kupiga simu. Alisema anataka kusikia sauti moja tu. Aliporudi hakusema neno lolote siku nzima. Nilidhani mtandao ulikataa."

"Haukukataa," Sila alisema.

Mchana huohuo alikwenda Chamwino. Baba yake Zipora alikuwa uani, Sila akaamkia shikamoo huku ameinamisha kichwa. Mzee aliitikia, akamwonyesha kigoda, akaingia ndani. Zipora akatoka na khanga mbili mkononi. Alikuwa anafunga mizigo. Alikuwa amechukuliwa kufanya kazi na madaktari wale kwa muda wote, na safari hii ni Malawi, kisha kwingine.

Sila alimwambia yote, picha na chumba cha barafu. Alisema alikuwa mpumbavu. Akamwomba wasianze upya, waendelee tu pale walipoishia.

Zipora alikunja khanga moja, akaiweka magotini. "Nimeshakusamehe, Sila. Nilikusamehe kulekule. Lakini tangu siku ile ya sokoni kuna mambo makubwa yamenipata, mabaya na mazuri, na hata mara moja sijawaza kukupigia. Ningejilazimisha vipi?"

Sila akaomba jambo moja tu, amsimulie habari za Faiza.

Akamsimulia. Jinsi mtoto alivyopenda kuhesabu vidole vya manesi, jinsi mama yake alivyoimba wodini, jinsi mkono wake mwenyewe ulivyokataa kuacha kuuminya ule mfuko hata Castory alipomwambia basi. Alilia, na Sila akamshika mkono, naye akauacha ushikwe. Jua likashuka nyuma ya mazizi. Mama yake Zipora akawaita kula, Sila akala ugali na mlenda pamoja na mzee, wakaongea habari za mtama. Posa haikutajwa.

Zipora alimsindikiza mpaka kwenye gari.

"Usinisubiri," alimwambia.

Sila akajibu kwamba hatasubiri.

Miaka miwili imepita sasa. Shangazi zake Sila wamechoka kumuuliza ataoa lini, na Mama Priska, anayejua anamsubiri nani, huwaambia wamwache.