Msasa wa Baba

Jua lilikuwa linaelekea kuzama msusi alipofungua kufuli la saluni yake, si kwa ajili ya kazi, bali kuchukua kioo cha mkono. Kile kidogo chenye mpini, anachowashikia wateja nyuma ya kichwa ili wajione kisogo.

Fundi cherehani wa chumba cha pili akachungulia.

"Dada, kesho mnazika, leo unabeba kioo? Unaenda kumsuka nani?"

"Naenda kusoma kaburi."

"Kwa kioo?"

"Nikirudi nitakueleza. Nisiporudi, kamuulize baba mkubwa."

Alisema hivyo kwa hasira tu, wala hakuhisi lolote. Hasira alikuwa nayo ya kutosha kuugawia mtaa mzima. Baba yake, fundi seremala aliyetengeneza nusu ya milango ya mtaa huo, alikuwa amelala mochwari, na ukoo ulikuwa umemkatalia kaburi.

Mkataaji alikuwa mkuu wa ukoo, ambaye msusi alimwita baba mkubwa ingawa hakutoka tumbo moja na baba yake. Alisimama mbele ya waombolezaji akasema kwamba babu aliyeanzisha ukoo, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, alikuwa na mke mmoja tu, na uzao wa mke huyo ndio unaozikwa kwenye makaburi ya ukoo. Akina seremala wanadai wametoka kwa mke mdogo. Mke mdogo yupi? Ana jina? Limeandikwa wapi? Basi, akakaa chini na kuendelea na chai yake. Hiyo chai ndiyo iliyomchoma msusi kuliko maneno yenyewe.

Tangu hapo alishinda kwenye ofisi ya kumbukumbu za kale. Karani alimfunulia daftari la ndoa, daftari la vifo, orodha za kaya za miaka ile ya babu. Mke mkubwa alikuwepo kila mahali, kwa mwandiko mzuri wa wino mweusi. Lakini kila palipopaswa kuwa na mke mdogo, karatasi ilikuwa imekwanguliwa hadi ukiinyanyua unaona mwanga wa dirisha.

"Hawa si panya, mama," karani alimnong'oneza. "Panya hachagui neno la kula."

Kilichobaki kilikuwa jiwe. Pembeni mwa makaburi ya ukoo palikuwa na jiwe moja lisilo na jina, ambalo baba yake alimkataza kulichezea tangu utotoni. Na kwa kazi yake msusi alijua jambo moja: mwanga wa juu huficha, lakini mwanga wa ubavuni huonyesha hata njia ya wembe kisogoni. Jua likiwa chini, ukilirusha kwa kioo kutoka pembeni, herufi, hata iwe imelika namna gani, itaacha kivuli.

Akasukuma geti la chuma. Likalia.

Hakukuwa na mtu. Akapita katikati ya makaburi ya uzao wa mke mkubwa, yenye marumaru na maua ya plastiki, akapiga magoti pembeni, penye majani marefu. Kitu cha kwanza kilikuwa harufu. Haikuwa ya udongo, wala ya majani. Ilikuwa harufu ya jiwe lililokatwa sasa hivi, ile ya kwenye majengo mapya.

Jiwe lilikuwa limebonyea katikati, kama jiwe la kusagia. Na chini yake... vumbi jeupe.

Akageuza kioo. Mwanga mwekundu ukatambaa juu ya jiwe, polepole. Kikatokea kivuli. Kikatokea kingine. Akapitisha kidole juu ya herufi ya kwanza, akakirudisha haraka. Damu.

Herufi hazikuwa zimechakaa. Zilikuwa mpya.

"Mke mdogo wa..." alisoma kwa sauti ya chini, moyo ukimwenda mbio kwa furaha. "Mama wa..." Na jina la mtoto lilikuwa la babu wa baba yake, lile lile alilolisikia maisha yake yote. Juu ya hayo lilikuwepo jina la mwanamke. Jina hilo halitaandikwa hapa, na msomaji atakuja kushukuru.

"Usilitaje."

Akageuka. Baba mkubwa alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake, anahema, ameshika kisanduku cha bati. Msusi alikitambua kabla hajakikaribia. Kilikuwa cha baba yake.

"Umekitoa wapi hicho?"

"Kilikuwa hapa hapa, nyuma ya ukuta wa makaburi. Ndipo alipokuwa anakiweka." Akakifungua. Ndani mlikuwa na vipande vya msasa, vimekunjwa vizuri ndani ya leso ya marehemu. "Herufi zinarudi, mwanangu. Unazisaga leo, baada ya mvua zimeota tena. Na anayezifuta lazima awe wa damu yake. Sisi tukisugua, hazitoki hata nukta."

Msusi alikumbuka siku baba yake alipokwenda kusajiliwa kitambulisho, mashine ikakataa vidole vyake. Vilikuwa laini, havina alama hata moja. Walimtania nyumbani: baba, wewe ungekuwa mwizi usingekamatwa. Wote walicheka isipokuwa yeye. Wakadhani ni useremala.

"Kwa hiyo mlitufanya sisi," msusi alisema, "tumfute bibi yetu wenyewe?"

"Ndiyo sharti waliloweka wazee. Mkae kwenye ardhi ya ukoo, mle, mzae. Lakini mfute. Hata zile karatasi ni babu yako aliyezikwangua."

"Alikosa nini?"

Baba mkubwa akatazama jiwe, kisha akatazama kando. "Mtoto wa mke mkubwa alikufa ghafla. Wakahitaji mtu wa kumlaumu. Wakasema mchawi."

"Alikuwa mchawi?"

"Mimi sikuwepo. Nilichoambiwa ni kwamba..." Akachomoa kipande cha msasa. "Walipokuwa wanamfukia, alikuwa bado anataja jina lake."

Hasira ilimpanda msusi hadi akasikia masikio yanavuma. Aliwachukia wazee wale kwa ukatili wao. Alimchukia na huyu kwa chai yake. Kisha, bila kutaka, akamchukia baba yake. Alikuja hapa miaka yote, akarudi nyumbani na vumbi kwenye nguo, akala chakula, akawabusu wanawe.

"Shika," baba mkubwa alinong'ona, akimnyooshea msasa. "Baba yako hayupo, sasa zamu ni yako. Saga tu, kabla giza halijaingia. Kesho baba yako analala hapa pamoja na wote. Hakuna atakayeuliza bibi yake ni nani. Ukikataa, atazikwa na jiji, kwenye shamba la wasio na ndugu."

Msusi akaupokea. Alimwona baba yake ndani ya shimo la watu asiowajua, na mkono ukasogea wenyewe hadi kwenye jiwe.

Kwaruu...

Hakuwa amesugua bado.

Kwaruu... kwaruu...

Baba mkubwa alikuwa ametulia tuli, macho yamemtoka. Msusi akatazama kioo alichokiegemeza kwenye majani, akitarajia kuona uso wake.

Akaona kisogo.

Kisogo cha mwanamke, kimekaa vile wanavyokaa wateja, wamempa mgongo, wanasubiri. Kimesukwa msuko wa zamani, nusu umefumuka. Na kwenye njia za nywele, badala ya mafuta, mlikuwa na udongo.

Mwingine angekimbia. Lakini yeye alikuwa amefura, na mtu aliyefura haogopi kwa wakati. Akautupa msasa kwenye majani, akainama, akalisoma jina lile kwa sauti kubwa, lote, kama anamwita mtu ng'ambo ya barabara.

Sauti ya kukwaruza ikakatika.

Kisogo ndani ya kioo kikaanza kugeuka. Msusi akakilaza kioo kifudifudi.

"Umefanya nini?" baba mkubwa alisema. Hakugomba. Akaondoka akiburuta miguu, na kesho yake hakupinga neno. Seremala alizikwa kando ya bibi yake, mchana, mbele ya ukoo mzima, na msusi alisimama kichwa juu. Mafundi waliofanya kazi na marehemu walileta ubao wa mninga, jina lake limechongwa kwa patasi.

Jioni msusi akarudi peke yake kuweka maua. Harufu ilimpokea getini. Mbao mbichi.

Ubao ulikuwa laini. Hauna herufi hata moja. Chini yake palikuwa na unga wa mbao, bado una joto.

Alifika kwa baba mkubwa mbio, akapiga mlango kwa ngumi.

"Huna haya! Umelifuta jina la baba yangu siku ya kwanza tu!"

Mzee akafungua, amechoka, macho mekundu. "La nani?"

"La baba! Mdogo wako!"

"Ndiyo... mdogo wangu. Seremala. Tumemzika leo." Midomo yake ikacheza. Akakunja uso, akatafuta, akakosa. Machozi yakamtoka. "Tangu saa ile tunatoka makaburini nalitafuta. Nimewauliza wote. Alikuwa anaitwa nani? Niambie wewe, mwanangu, wewe ni damu yake."

Hakuwa anatania. Msusi alimwona, na mara moja akaelewa ni nani aliyekuwa anasugua, na kwa nini alianza na jina la baba yake, aliyemfuta miaka yote.

"Mimi nilikutaja!" alilipigia kelele giza la uani. "Nilikutetea! Mwachie baba yangu!"

Nyuma yake, karibu kabisa na kisogo... kwaruu.

Akamgeukia mzee haraka. Jina la baba yake alikuwa nalo bado, alilihisi ulimini. Akafungua kinywa alitaje kabla halijaondoka.

Lililotoka lilikuwa la bibi.